Televisheni ya Lugendelo

Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa saba, mwaka 2011, saa nne asubuhi, Severini Mlowe, mtendaji wa kijiji cha Lugendelo, alishusha televisheni bapa mbele ya karakana ya fundi Nasiri, Makambako, jirani na stesheni ya reli. Ilikuwa imeviringishwa kwenye blanketi la kijivu na kufungwa kwa kamba ya katani. Alieleza kwamba inawaka vizuri, picha safi na sauti safi, halafu inajizima. Ukiiwasha inawaka tena; ukikaa kidogo inajizima tena. Iwe taarifa ya habari, iwe mpira, iwe kwaya, haichagui. Mafundi wawili wa Njombe mjini walikwisha kuishika na kuirudisha. Na kampuni ya miti iliyokipa kijiji zawadi hiyo ilikuwa inakuja Alhamisi ya wiki inayofuata pamoja na wageni wake, nao wageni wangependa kuwaona wanakijiji wakiitazama.

Nasiri alimwambia aiache, siku tatu zingetosha.

Nasiri alikuwa mtu wa Kondoa. Ufundi alijifunza ujanani katika karakana ya shirika moja la umma, akitengeneza redio za maboksi ya mbao. Shirika likauzwa, karakana ikageuzwa ghala la mitumba, naye akaifuata barabara kuu mpaka Makambako, mahali ambapo malori ya Mbeya, Songea na Dar es Salaam yanapishana na kila kitu kinachoingia nchini kinapita mlangoni kwako. Zilianza kuja redio kaseti, zikafuata televisheni za kichogo, sasa ilikuwa zamu ya bapa. Kwa miaka kumi na minane hakuwahi kumrudishia mtu kifaa kikiwa kibovu kama kilivyokuja, isipokuwa vile vilivyopigwa na radi, na hivyo havikuhesabiwa.

Alifungua kava la nyuma. Kwenye bodi ya umeme alikuta kapasita mbili zimevimba, akafurahi, maana kapasita iliyovimba ni ugonjwa unaoonekana kwa macho. Alizing'oa, akalehemu mpya, akaiwasha. Ikacheza dakika kumi na saba, ikazima.

Jumanne alibadilisha bodi yote ya umeme. Dakika kumi na saba, ikazima. Jumatano alidhani ni joto, ingawa Makambako ya mwezi wa saba hakuna chochote kinachopata joto. Akaiacha wazi mgongoni na kuipulizia feni, yeye mwenyewe akitetemeka ndani ya jaketi. Dakika kumi na saba. Alhamisi umeme ulikuwa wa mgao, akaiwasha kwa jenereta, akamkabidhi mkewe Shamimu rimoti aende nayo sokoni kwenye mkoba wake, iwe mbali kabisa. Shamimu alikuwa amekwisha kuipita kona ya sheli ilipozima, dakika ileile ya kumi na saba.

Kilichomuudhi zaidi ni namna ilivyozima. Kifaa kibovu huzima kwa kukata roho: picha inatetemeka, sauti inakwaruza, taa inapepesa. Hii ilizima kwa "tak" moja safi, kama mtu mwenye adabu zake amebonyeza kitufe.

Severini alikuwa akipiga simu mara mbili kwa siku. Nasiri akaanza kula bila kusema, na akisema, anasema kuhusu chumvi. Shamimu akamshauri airudishe.

"Baba Safina, si televisheni ya kwanza kuwa mbovu duniani."

Alimjibu kwamba ubovu hana ugomvi nao. Ugomvi wake ni kutoujua.

Ijumaa, baada ya sala ya mchana, alichomoa waya unaopeleka umeme kwenye vitufe. Sasa televisheni haikuwa na kitufe wala rimoti, ilikuwa na waya wa ukutani tu. Akavuta stuli, akakaa mbele yake na saa mkononi. Ilipotimia dakika ya kumi na saba, mkono wa mtu ulipita juu ya bega lake la kulia, kidole kikagusa fremu pale palipokuwa na kitufe, na televisheni ikazima. Kwenye kioo cheusi Nasiri alijiona mwenyewe, na nyuma yake akamwona mzee mwenye koti refu la kijeshi na kofia ya sufu. Pumzi ya Nasiri ilikuwa ikitoka kama moshi kwa ile baridi. Ya mzee haikutoka.

Nasiri hakushtuka, alikasirika. Kapasita, bodi, feni, jenereta, siku tano, kumbe ubovu ulikuwa na kidole.

"Shikamoo, mzee," alisema, maana hasira si sababu ya kukosa adabu.

"Marahaba."

"Ni wewe unayeizima?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Tuko mkutanoni, fundi," alisema mzee. "Mkutanoni hakuwashwi televisheni."

Nasiri alimpa stuli, akamimina chai kwenye vikombe viwili. Mzee aliishika chai yake mpaka ikapoa bila kupungua, na huku akieleza. Jina lake ni Dionis Mhema, wa Lugendelo, kule mbele ya Kifanya. Alikufa kwa kifua mwaka tisini na tisa, nyumbani kwake, juu ya kitanda chake, na hakuwa na lalamiko lolote kuhusu hilo. Mwaka uliopita jina lake likaitwa. Lilikuwa limeandikwa kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji, katika orodha ya waliohudhuria, namba themanini na saba, na mbele yake alama ya dole gumba ambalo hakujua ni la nani. Yeye tangu zamani za vijiji vya ujamaa alikuwa mtu wa kuitika anapoitwa mkutanoni. Akainuka, akaenda.

Alipofika kwenye darasa la shule ya msingi lililotajwa, alikuta madawati matupu na mbuzi wawili. Hapakuwa na mkutano. Muhtasari uliandikwa mezani, na mkutano wenyewe haukuwahi kufunguliwa. Agenda ya nne ya muhtasari huo ilisema kwamba wanakijiji kwa kauli moja wameikubalia kampuni ya miti kulichukua bonde lote la Lugendelo, na kampuni itaipatia ofisi ya kijiji televisheni. Bonde lilichukuliwa. Televisheni ikaja. Na kwa kuwa katika mkutano ule hapakuwa na kitu kingine kilichoonekana kwa macho isipokuwa hiyo televisheni, walioitwa wakawa wanahudhuria popote ilipo.

Nasiri aliuliza walioitwa ni wangapi.

"Sisi ambao tulikwisha kufa ni arobaini na mmoja. Hapa ndani pamekuwa padogo, wenzangu wako nje."

Nasiri alichungulia. Walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, juani, wazee na akina mama, na vijana wachache waliochukuliwa na maradhi ya miaka ya tisini, wote wamekaa kwa utulivu wa watu wanaongoja ofisi ifunguliwe. Muuza matofali wa mlango wa pili alikuwa akiwalalamikia kwamba wamemzibia mzigo wake, nao wakasogea.

"Na hizo dakika kumi na saba?"

"Huwa tunampa mwenyekiti muda wa kufika," alisema Dionis. "Akichelewa mno, naizima, ili tuwe tayari."

Nasiri aliwaza kama fundi. Kila kosa lina chanzo, na ukikiondoa chanzo kosa linakwisha. Akauliza: je, mkutano ukifunguliwa, kwa haki, watu wakasema yao, wataacha kuizima? Mzee alisema wataacha. Walichokuwa wanataka ni agenda ya nne isomwe mbele yao, nao waseme hapana. Wakishasema, watarudi zao.

Hapo hapo Nasiri akampigia Severini simu. Akamwambia televisheni ni nzima, wanaoizima ni wanakijiji wake waliofariki, wanasubiri mkutano, na dawa yake ni kuufungua. Akawataja wachache kwa majina. Severini hakukana kwamba amewajua.

"Fundi," alisema hatimaye, kwa uchovu, "mimi nilikuletea televisheni, sikukuletea mkutano. Alhamisi nataka isizime."

"Basi fungua mkutano Alhamisi."

Severini akasema atafikiri. Jioni hiyo hiyo, kabla jua halijazama, alipiga tena akiwa mchangamfu kuliko Nasiri alivyowahi kumsikia. Alisema wazo ni zuri, waje wote, asikose hata mmoja.

Nasiri alifurahi. Aliporudi nyumbani alikula bila kuitaja chumvi.

Alhamisi asubuhi pikapu ya kijiji ilikuja kumchukua. Televisheni aliikalisha mapajani mwake, mbele, na Dionis akapanda nyuma akajifunika turubai. Wale arobaini walikuwa wametangulia kwa miguu tangu Jumatano. Walipita Njombe bila kusimama, wakaiacha Kifanya na mashamba yake ya miti, na saa tano waliingia Lugendelo. Bonde lilionekana kutoka barabarani: miche ya misonobari, mistari baada ya mistari, yenye kimo cha goti, na katikati ya mistari hiyo, hapa na pale, viazi vilivyojiotea vyenyewe kwa sababu wenye mashamba walizuiliwa kuvichimba.

Mtu wa kwanza kuja kwenye pikapu alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye kanga mbili na sweta la kiume. Alimtazama mzee akishuka kutoka chini ya turubai, akapiga goti.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, Bertila."

Bertila alimpangusa vumbi kwenye koti. Kisha akamgeukia Nasiri, akamweleza mambo yake moja kwa moja kama watu wanavyowaeleza mafundi na madaktari. Shamba la viazi la baba yake, alilolilima yeye tangu mzee afe, lilikuwa mule bondeni. Alipokwenda ofisini kudai, aliambiwa baba yake mwenyewe amelitoa, alama ya dole hii hapa. Akasema baba alikufa mwaka tisini na tisa. Akaambiwa alete cheti cha kifo. Akakifuata mjini, mara nne, na mara zote nne akaambiwa mtu aliyefia nyumbani bila kuandikishwa hana uthibitisho, arudi kwa mtendaji ampe barua. Mtendaji hakumpa. Ndipo akaandika malalamiko, akayapeleka mpaka kwa kampuni, kwamba kwenye orodha ile kuna watu arobaini na mmoja waliokwisha kufa, na aliyataja makaburi yao moja moja. Wageni wa leo walikuwa wamekuja kwa ajili ya barua hiyo. Televisheni ilikuwa ni nyongeza tu.

"Leo baba atasema mwenyewe," alisema. Macho yake yalikuwa makavu na yenye furaha. "Nani atamwomba cheti akiwa anasema mwenyewe?"

Nasiri alisema hakuna. Baadaye angelikumbuka jibu hilo zaidi kuliko kazi yoyote aliyowahi kuiharibu.

Darasa lilijaa mpaka madirishani, wafu wakiwa wamekaa safu za mbele kwa heshima ya umri. Mezani alikaa Severini, na mwenyekiti wa kijiji, mzee ambaye siku hizi alikuwa hasikii vizuri, na wageni wawili wa kampuni, na mama mmoja wa makamo kutoka kwa wafadhili wa kampuni, aliyevaa miwani na skafu nzuri ya bluu. Alikuwa mpole. Aliwaamkia waliomzidi umri, walio hai na waliokufa, bila kubagua.

Severini aliwatazama wafu kwa muda, midomo ikicheza, akihesabu. Alipofika arobaini na moja uso wake ukalegea kama wa mtu aliyevua kiatu kinachobana. Nasiri aliuona uso huo na hakuupenda.

Mwenyekiti alifungua mkutano kwa sala. Severini akasoma agenda: kufungua, kuhakiki mahudhurio, kufunga. Zilikuwa tatu. Nasiri akasubiri ya nne. Haikuwepo.

Majina yakaanza kusomwa kutoka kwenye muhtasari wa mwaka uliopita, namba moja hadi mia mbili na kumi na mbili. Walio hai waliitika kwa sababu walikuwa wameambiwa hiyo ni orodha ya kugawiwa mbolea ya ruzuku kwa vocha. Wafu waliitika kwa sababu walikuwepo. Kila mmoja alisimama, akasema "nipo," akakaa, na yule mama mwenye miwani akaweka alama kwa kalamu ya kijani.

"Themanini na saba. Dionis Mhema."

"Nipo."

Bertila alisimama kule nyuma. "Huyo ni baba yangu," alisema. "Amekufa mwaka tisini na tisa."

Yule mama aliitazama barua iliyokuwa mbele yake, akamtazama mzee, akamtazama Bertila.

"Ndiye huyu hapa, mama?"

"Ndiye."

"Na ameitika?"

"Ameitika, lakini—"

"Basi yupo," alisema yule mama kwa upole. "Malalamiko yako yalikuwa kwamba hakuwepo."

Dionis alikuwa bado amesimama. Alivua kofia. Alisema binti yake anasema kweli, yeye ni marehemu, na zaidi ya hayo kule kutoa bonde hajakubali, hakuulizwa, na sasa anasema hapana. Wenzake arobaini wakanung'unika kwamba nao wanasema hapana. Severini akamwinamia yule mama akamnong'oneza, na mama akatikisa kichwa kwa kuelewa. Alisema anawashukuru wazee kwa mchango wao. Kwa bahati mbaya kikao cha leo ni cha kuhakiki mahudhurio, na suala la kukubali au kukataa lilikuwa la kikao kile, ambacho kama wote walivyoshuhudia kilihudhuriwa kikamilifu. Hajawahi kukuta kijiji chenye mahudhurio kamili namna hii. Mwenyekiti, ambaye hakuwa amesikia neno, akafunga mkutano kwa sala.

Kisha wakamwomba fundi awashe.

Nasiri aliiweka televisheni juu ya meza, akaunganisha waya, akaiwasha. Kulikuwa na kipindi cha mapishi. Watu walitazama kitunguu kikikaangwa. Picha ikapigwa. Nasiri aliangalia saa yake. Dakika ya kumi na saba aligeuza shingo kumtafuta Dionis, akamkuta amekaa palepale, mikono juu ya magoti, akitazama. Dakika ya ishirini. Nusu saa. Nasiri alikuwa mtu wa kuviombea uzima vifaa vyote alivyovishika, na hapo, amesimama kando ya ubao, aliomba hicho kiharibike. Hakikuharibika. Severini alimshika mkono, akauinua juu, darasa likampigia fundi makofi.

Wageni walipoondoka, Bertila alimshika baba yake mkono wakateremka bondeni. Nasiri aliwafuata kwa mbali, kwa kuwa pikapu ilikuwa imekwenda kuwasindikiza wageni. Mzee alipita katikati ya mistari akigusa vichwa vya miche, akauliza misonobari hii huvunwa baada ya miaka mingapi. Bertila alisema kumi na minane, wanasema.

"Baba, rudi ukaizime," alimwambia. "Izime kila siku. Kitu hicho tu."

"Mkutano umefunguliwa na umefungwa, mwanangu. Na mimi nimeitika."

"Hukupaswa kuitika."

Mzee alifikiri. "Ningekaaje kimya nikiitwa jina langu?" alisema. Aliinama, akafukua kwa vidole kiazi kimoja kilichokuwa kimejitokeza juu ya udongo, akampa. Kisha akaelekea kule walikoelekea wenzake, upande wa makaburi, na koti lake refu likawa linapangusa miche mpaka asionekane.

Bertila alimgeukia Nasiri. Hakumlaumu. Alimwomba aandike kwenye karatasi kwamba yeye, fundi, mtu wa mbali asiye na shamba Lugendelo, amemwona baba yake kwa macho na ni mfu. Nasiri alichana ukurasa kwenye kitabu chake cha risiti, akaandika hivyo, akataja pumzi isiyotoka moshi na chai isiyopungua, akaweka sahihi na muhuri wa karakana.

Wiki tano baadaye, mchana, Bertila alisimama mlangoni pa karakana Makambako. Alikuwa akienda kwa dada yake, huko Igwachanya, ambaye alikuwa amemtafutia kibarua cha kupalilia. Nasiri alikuwa na redio ya mtu mezani. Kwa wiki hizo zote alikuwa hachukui televisheni, akisema macho yanamsumbua, na Shamimu alikuwa ameacha kumuuliza. Akampa stuli.

Bertila alitoa karatasi ngumu iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Kilikuwa cheti cha kifo cha Dionis Mhema. Alisema safari hii hawakumzungusha. Mtendaji alitoa barua siku ileile, na ofisini mjini waliipokea karatasi ya fundi, wakasema ni ushahidi mzuri. Shida ilikuwa tarehe. Walimwonyesha muhtasari wa Alhamisi ile, wenye alama za kalamu ya kijani, wakamwambia mtu aliyeitika Alhamisi hawezi kuwa amekufa mwaka tisini na tisa. Wakaandika Ijumaa.

"Wewe unasoma vizuri kuliko mimi, fundi," alisema. "Hebu niangalizie kama wameandika sawa."

Nasiri alipangusa mikono kwenye ovaroli, akakisoma chote, taratibu, tangu juu. Jina la marehemu. Kijiji. Jinsia. Sababu ya kifo: uzee. Tarehe ya kifo: Ijumaa, tarehe kumi na tano, mwezi wa saba, mwaka 2011. Alirudia kukisoma, akitafuta kosa ambalo mtu angeweza kulirekebisha.

"Jina wameandika sawa," alisema.

Bertila alishukuru. Alikikunja kufuata mikunjo yake ya mwanzo, akakitia kwenye mfuko, akauliza magari ya Igwachanya yanapakilia upande gani. Nasiri akatoka nje akamwonyesha.